Hedifoni Tatu Nyuma ya Pazia

Kisauni, Jumamosi asubuhi

Fundi wangu Kombo,

Usishtuke kuiona hati yangu. Najua utasema kama ulivyozoea kusema, kwamba herufi zangu zinatembea upande kama kaa. Sawa. Misheni hawakunifundisha hati nyingine, na jambo lenyewe haliwezi kungoja mpaka tuonane, maana huko uliko mimi sina haraka ya kuja. Wallahi sina. Na hiyo "wallahi" ni wewe uliyeniambukiza, mimi Katana, Mgiriama mbatizwa, hata kasisi ananitazama vibaya.

Mwezi wa pili unakaribia kwisha tangu tulipokuzika. Karakana ipo. Naifungua kila asubuhi, nawasha makaa ya kutia moto chuma cha kulehemu, nafagia, nangoja unitukane, kisha nakumbuka. Hapo ndipo panaponiuma, Fundi, niseme tu mara moja nipumue. Saa nne ikifika, saa yako ya kahawa, hakuna wa kuniambia kwamba nimelehemu kama mtu anayebandika tope ukutani. Watu wananisifu sasa. Haina ladha hata kidogo.

Lakini sikukaa chini nikuandikie kilio. Jana Ijumaa mwanao Saidi alisema katika redio, sauti yake mwenyewe, kutoka huko Bama, kwenye vita vya Wajapani. Na ilibaki kidogo tu mama yake asimjue, na kosa lote lingekuwa langu. Basi nisikilize, na usinikate kauli.

Mkeo Mama Saidi amekaa eda, kama ilivyo desturi. Miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, na mwanamume asiye maharimu wake hamwoni wala hamsemeshi. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nikila sahani moja nawe ukumbini, sasa mwisho wangu ni kwenye pazia la mlango wa karakana. Mama Saidi akitaka neno humwambia dada yako Bi Mishi, Bi Mishi huniambia mimi, na likifika kwangu limeshatiwa pilipili.

Redio yako kubwa ya betri, ile uliyoijenga upya mara tatu, Bi Mishi aliinyamazisha siku ile ile ya matanga. Hakusema izimwe. Alisema spika itolewe kabisa, kwa kuwa redio iliyozimwa mtu aweza kuiwasha, na mpita njia akisikia taarabu katika nyumba yenye eda tutaaibika mpaka Utange. Nikafungua skrubu, nikamkabidhi spika nzima nzima. Akaifunga katika kanga, akaitia ndani ya sanduku lake, ufunguo akautundika shingoni. Mimi sikufikiri zaidi. Pazingatie hapo, Fundi, maana kosa langu lilianzia hapo.

Sasa, kila Ijumaa baada ya alasiri redio hutoa salamu za askari wetu. Wanarikodiwa huko huko katika sahani za santuri, sahani zinasafirishwa mpaka Nairobi, zinapigwa, nasi tunasikia. Mama Saidi aliposikia habari hiyo akauliza, kwa ulimi wa Bi Mishi, kama kuna njia ya kusikiliza bila nyumba kupiga kelele. Nikajibu upesi, kwa kujidai, kwamba ipo. Hedifoni. Mtu avae masikioni mwake, asikie yeye, na nyumba ibaki na heshima yake.

Unauliza ile hedifoni yako ya zamani iko wapi, ile uliyokuwa ukisema ina akili kunishinda. Imekwisha. Bi Mishi aliikalia. Yeye anasema haikuwekwa mahali pake. Mimi sikubishana naye, na wewe ungekuwa hai pia usingebishana. Nikavuka mpaka Changamwe kwa muuza vyuma chakavu, nikapata tatu za jeshi, ngozi zake nzima kabisa, zilizotupwa kwa sababu ya kukatika waya tu. Nikarudi nazo shingoni, watoto wakinifuata njia nzima.

Kwa nini tatu? Unaijua nyumba yako. Mkeo hakai peke yake hata dakika moja, wanawake wa mtaa huja kumliwaza kwa zamu. Bi Mishi akasema haiwezekani mmoja ajifunike masikio astarehe hali wenzake wamekaa wanamtazama. Huko ni sawa na kula mbele ya mgeni. Basi moja ya Mama Saidi, moja ya Bi Mishi, moja ya mgeni wa siku hiyo. Nikapitisha waya juu ya mlango mpaka nyuma ya pazia. Redio ikabaki kwangu karakana, hedifoni zikawa ndani kwao. Pale pale nilipoichomoa spika, nikaunga hedifoni tatu ubavu kwa ubavu. Nikapangusa mikono.

Ijumaa ya kwanza mgeni alikuwa Mama Mbwana, jirani yako, ambaye mwanawe Mbwana yuko kikosi kimoja na Saidi. Bahati ikawa yake. Niliambiwa baadaye kwamba mtangazaji alimtaja Mbwana kwa jina na mtaa wake. Mimi huku nje sikuwa na cha kusikilizia, nilikuwa nimetega sikio kwenye pazia nisikie furaha. Nikamsikia Mama Mbwana akisema, "Huyu si mwanangu." Kisha akalia.

Bi Mishi akaja mbio. "Katana! Wamfanyani mwana wa watu? Asema kwa pua, yuko mbali, mara aunguruma, mara apotea. Na kila asemaye humo ana sauti ile ile moja, hata huyo mtangazaji!" Mama Mbwana akatoka kwa mlango wa uani, anaamini kwamba Mbwana amekufa zamani na serikali imemweka mtu mwingine aseme kwa jina lake ili mama asiwe na neno. Nilimfuata mpaka kwake nikamwapia kwamba ni waya tu, ni chuma tu. Hakunifungulia mlango.

Mwisho wa salamu hizo Mama Saidi akamsikia mtangazaji akitaja watakaosikika Ijumaa inayofuata. Saidi wetu alikuwamo. Mama Saidi alinitumia neno moja, na mara hii Bi Mishi hakulitia pilipili hata chembe: "Mwambie Katana, nikimsikia mwanangu nisimjue, afadhali nisimsikie."

Nilikosa usingizi, Fundi. Jumamosi nikabadilisha betri. Jumapili sikwenda kanisani, nikabadilisha valvu ya mwisho, ile inayoipa sauti nguvu. Hapana. Jumatatu nikawalaumu watu wa Nairobi. Jumanne nikakulaumu wewe, uliyekufa na nusu ya elimu yako mfukoni. Nilikwambia maneno mabaya, tena kwa sauti, kuna mteja alisimama mlangoni akageuka akaenda zake.

Jumatano nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu siku ya kwanza. Nikazirudisha hedifoni zote tatu karakana, nikavaa moja peke yake. Mtangazaji anasema kwa pua kidogo, lakini yupo. Nikaunga ya pili. Akapungua, na sauti yake ikageuka. Nikaunga ya tatu. Akazama. Nikaichomoa, akarudi. Nikaunga, akazama tena. Nikakaa nazitazama hizo hedifoni. Hazikuwa mbovu hata moja.

Ndipo nikakumbuka siku ile ya mpapai. Ulikata kikonyo cha jani, chembamba, ukanipa nipulize, ukaziba upande wa pili kwa kidole. Ukauliza, "Wasikia nguvu?" Nikasema naam, mashavu yananivimba. Ukaondoa kidole kidogo, nguvu ikapungua. Ukakiondoa chote, hapakuwa na kitu, pumzi zangu zote zimeishia njiani katika wembamba ule. Kisha ukakata kikonyo kinene, kifupi, ukakitoboa matundu matatu. Nikapuliza, na kila tundu likatoa upepo wa kuzima mshumaa. Mimi nikadhani unanichezea, maana midomo iliniwasha kwa utomvu siku mbili.

Ulikuwa na neno lako la kazi, Fundi, "ubishi." Kila kinachopitisha umeme, ulisema, kina ubishi wake. Redio ina ubishi pale mlangoni inapotolea sauti, na hedifoni ina ubishi wake pale inapopokea. Na sheria ni moja: mwenye kutoa awe mpole, mwenye kupokea awe mbishi, tena amzidi mara nane au kumi. Ikiwa kinyume, nguvu hufia mlangoni, haifiki masikioni. Na wapokeaji wakiwa watatu ubavu kwa ubavu, ubishi wao huzidi kupungua, wanakuwa kama tundu moja kubwa.

Hilo la nguvu nililifahamu zamani. La sauti kugeuka nilikuwa nikiitikia tu ili tuende tukale. Sasa nalijua. Hedifoni haibishi sawasawa kwa kila sauti. Kwa sauti nene inabisha hivi, kwa nyembamba vile, na pale chuma chake kinapopenda kutetema inabisha zaidi. Redio ikiwa pole, hayo hayaisumbui, inatoa sawa kwa wote. Redio ikiwa mbishi kupita hedifoni, basi hedifoni ndiyo inayoamua ipi ipite na ipi ife. Kwa hiyo kila msemaji anatoka na sauti ya hedifoni. Mama Mbwana hakuwa amekosea hata kidogo. Yule hakuwa mwanawe, alikuwa ni kipande cha chuma cha jeshi.

Hedifoni yako ya zamani ilikuwa na ubishi wa maelfu, ndiyo maana iliweza kusimama na valvu uso kwa uso. Hizi za jeshi ni pole mno, zilitengenezwa kwa redio zenye mlango mpole. Nami nilizipachika kwenye valvu moja kwa moja, tena na umeme wa betri ukizipitia. Mungu aliwahifadhi wale wanawake. Kinachoituliza redio yako ni transfoma, kile kibonge cha waya na chuma kinachokaa kati ya valvu na spika, ambacho huupokea ubishi mkubwa upande mmoja na kuutoa mdogo upande wa pili. Na transfoma iko wapi? Imefungwa kwa skrubu mgongoni mwa spika. Na spika iko wapi?

Ndani ya kanga, ndani ya sanduku, chini ya ufunguo wa Bi Mishi.

Alhamisi asubuhi nikasimama kwenye pazia nikapiga hodi, nimevaa hata shati la Jumapili. Bi Mishi akanisikiliza nusu akapaza sauti. "Kaka yangu hajatimiza miezi miwili mtangani, nawe wataka taarabu?" Nikamwambia siitaki spika, nataka kile kibonge cha mgongoni. Akasema mwizi wa kuku naye husema ataka manyoya tu. Nikamweleza habari ya ubishi, tangu mpapai mpaka matundu matatu. Akaningoja mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Kombo naye alikuwa akinambia maneno yayo hayo. Wala yeye sikumfahamu." Lakini nilimwona macho yamemlegea alipolitaja jina lako.

Akaingia ndani kwa mkeo, akakaa sana. Akatoka na hukumu. Spika itatoka sandukuni, lakini itafunguliwa barazani, mchana, mbele ya macho yake na ya mtaa mzima, asije mtu akasema nyumba ya Kombo imerudisha ngoma. Basi nikakaa barazani, nikafungua skrubu nne, majirani wamesimama wanatazama utadhani natahiri mtu. Transfoma ikabaki mkononi mwangu. Spika akaipokea yeye, akaigeuza, akaichungulia kinywa, akaifunga tena katika kanga. "Haya," akasema, "nenda nacho. Kisicho na mdomo hakiimbi."

Nililehemu mchana kutwa. Mahali pa spika nikaweka kipande cha waya wa ubishi kutoka katika kopo lako la tumbaku, kiasi kile kile cha spika, ili valvu isihisi kwamba mwenzake ameondoka. Hedifoni nikaziunga baada ya transfoma. Nikavaa moja. Mtangazaji akasema, na ni yeye. Nikaunga ya pili nikangoja azame. Hakuzama. Nikaunga ya tatu. Hakutikisika hata unywele, sauti ile ile, mpaka kikohozi chake. Fundi, nilicheka peke yangu karakana, kisha nikalia kidogo, kisha nikachomwa na chuma cha kulehemu kidoleni, nikakutukana tena.

Jana basi. Bi Mishi alikwenda mwenyewe kumtoa Mama Mbwana nyumbani kwake. Sijui alimwambia nini, najua tu kwamba alikuja naye amemshika mkono na Mama Mbwana hana furaha. Wakakaa nyuma ya pazia, Mama Saidi, Bi Mishi na Mama Mbwana, kila mmoja na hedifoni yake. Mimi kwangu nikawasha redio nikasimama kando yake. Mara nikamsikia Bi Mishi, "Ee! Huyu ndiye! Ndiye mtangazaji mwenyewe!" Na hapo hapo mkono wake ukatokeza pembeni mwa pazia, umeshika hedifoni. "Vaa wewe," akasema. "Ndiwe uliyehangaika. Mimi nitategea upande mmoja kwa wifi yangu." Sijawahi kupewa kitu na Bi Mishi tangu nije nyumba hii, isipokuwa lawama.

Nikavaa. Wakapita askari wawili, mmoja wa Taveta, mmoja sikumshika. Kisha akaja Saidi wako. "Mama, mimi ni Saidi. Mimi mzima, usiwe na wasiwasi." Nyuma ya pazia nikasikia "mwanangu," pole pole, na nikajua kwamba amemjua. Akasema mvua ya huko haina adabu, inanyesha kwa ubavu. Akasema wali wanaopewa hata paka wako angeuhama. Akasema, "Mbwana yuko hapa ubavuni ananisukuma, ataka kusema tena na zamu yake imekwisha," na kweli mtu akacheka nyuma yake, kicheko kama cha mtu aliyepaliwa na tonge. Mama Mbwana akapiga kelele. "Ndiye! Huyo ndiye Mbwana! Hajui kucheka vyengine!" Bi Mishi akamwambia anyamaze, ni nyumba ya eda, naye Bi Mishi mwenyewe alikuwa akicheka kuliko wote. Mimi Mama Mbwana bado hajanisamehe. Amesema atanisamehe Mbwana akirudi.

Kisha Saidi akasema, "Baba, shikamoo."

Hakuwa amejua. Barua ya msiba tulimpelekea, lakini sahani ile ilirikodiwa kabla barua haijamfika. Alikuwa anakuamkia wewe, akidhani umekaa karakana na miwani yako puani. Na alipokwisha kuamkia, akanyamaza. Unamjua, wewe ndiwe uliyemlea. Hawezi kumwamkia mkubwa akaendelea na maneno kabla hajaitikiwa, hata akiwa anasema na chuma katika msitu wa Bama. Akangoja. Redio ikawa tupu, na ndani ya utupu ule nikasikia pumzi yake, Fundi, ikiingia na kutoka, safi kabisa.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Ndipo Mama Saidi, ambaye hajanisemesha tangu siku ya maziko, akasema nami mwenyewe, bila kumpitishia mtu.

"Katana. Mwitikie mwanangu."

Nikanyoosha mgongo. Nikasema kwa sauti kubwa, ikafika mpaka njiani, "Marahaba, mwanangu."

Na Saidi akaendelea.

Nisamehe kama nimejitia mahali pasipo pangu. Ningalikuuliza, lakini hapakuwa na nafasi. Siku atakaporudi nitakuwa kituoni Changamwe kumpokea, inshallah, hata kama treni itachelewa siku nzima. Atakuwa ameshaipata barua na atakuwa anajua. Nakuahidi nitamwambia jambo moja kabla hajaweka mzigo wake chini, kwamba alipokuamkia hakuamkia hewa. Aliitikiwa nyumbani kwake, kwa amri ya mama yake, nikiwa nimesimama mahali pako.

Pumzika, Fundi wangu. Chuma kimeshapata moto, naingia kazini.

Mimi mwanafunzi wako,
Katana